Jagadish Chandra Bose: Mwalimu Aliyeyageuza Mawimbi ya Redio kwa Nyuzi za Juti

Na Mwandishi Wetu

Baadhi ya antena za kisasa za rada na setilaiti hutengenezwa kwa metamateriali, yaani vitu vilivyosanifiwa na binadamu ili viyaelekeze mawimbi ya redio kwa namna ambayo chuma, kioo au plastiki ya kawaida haiwezi kufanya. Jina hilo lilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, na wengi huihesabu elimu hiyo kuwa tunda jipya kabisa la fizikia. Hata hivyo, mzizi wake mmoja unafika hadi mwaka 1898 katika jiji la Kolkata nchini India, ambalo wakati huo liliitwa Calcutta. Huko, mwalimu mmoja wa fizikia alichukua nyuzi za juti, zile zile zinazofumiwa magunia, akazisokota na kuzipitishia mawimbi ya redio.

Mwalimu huyo ni Jagadish Chandra Bose. Aliishi chini ya utawala wa kikoloni, akafanya kazi katika chuo kisichokuwa na maabara ya kuridhisha, na kwa miaka mitatu alikataa kupokea mshahara kwa sababu haukulingana na wa wenzake Wazungu. Maisha yake yanaonyesha jinsi maarifa makubwa yanavyoweza kuzaliwa mahali pasipotarajiwa, na pia gharama inayolipwa pale maarifa hayo yanapokosa watu wa kuyaendeleza.

Malezi na elimu

Bose alizaliwa Novemba 30, 1858 katika jimbo la Bengali, kwenye eneo ambalo leo ni sehemu ya nchi ya Bangladesh. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Tofauti na watumishi wenzake waliowapeleka watoto wao moja kwa moja katika shule za Kiingereza, mzee huyo alimwandikisha mwanawe katika shule iliyofundisha kwa Kibengali. Aliamini kwamba mtoto anapaswa kuijua kwanza lugha yake na watu wake kabla ya kujifunza lugha ya watawala.

Katika shule hiyo Bose aliketi pamoja na watoto wa wavuvi na wa watu wa kipato cha chini. Alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba hadithi alizosimuliwa na wenzake hao, za ndege, wanyama na viumbe wa majini, ndizo zilizompandia hamu ya kuyachunguza maumbile.

Mwaka 1869 alihamia Calcutta na kuendelea na masomo, hatimaye akajiunga na Chuo cha St. Xavier's. Huko alifundishwa fizikia na Padri Eugène Lafont, Mjesuiti kutoka Ubelgiji aliyesifika kwa kufundisha kwa majaribio ya wazi mbele ya wanafunzi. Alipohitimu mwaka 1879, kijana huyo alitamani kwenda Uingereza kufanya mtihani wa utumishi wa umma wa kikoloni. Baba yake hakuafiki. Alitaka mwanawe awe msomi asiye mtawala wa mtu mwingine.

Basi alikwenda London kusomea udaktari. Maradhi ya homa yaliyomwandama yalizidishwa na harufu ya vyumba vya kupasulia maiti, naye akalazimika kuiacha fani hiyo. Alihamia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma sayansi, na miongoni mwa walimu wake alikuwa Lord Rayleigh, mmoja wa wataalamu wakubwa wa mawimbi katika zama hizo. Alihitimu mwaka 1884, na mwaka uliofuata akarejea nyumbani.

Miaka mitatu bila mshahara

Mwaka 1885 Bose aliteuliwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, Calcutta. Wapo viongozi wa elimu waliopinga uteuzi huo, kwani katika fikra za kikoloni za wakati ule Mhindi hakudhaniwa kuwa na akili ya kufundisha sayansi za vipimo. Taratibu za malipo nazo zilimpa profesa Mhindi theluthi mbili tu ya mshahara wa Mzungu wa cheo hicho hicho. Kwa kuwa uteuzi wa Bose ulikuwa wa kukaimu, kiasi hicho nacho kilipunguzwa kwa nusu.

Bose hakugoma kufundisha, wala hakuacha kazi. Aliingia darasani kila siku, akatimiza wajibu wake kwa ukamilifu, lakini kila mshahara ulipotoka alikataa kuupokea. Hali hiyo iliendelea kwa miaka mitatu, wakati familia yake ikiwa imelemewa na madeni ya baba aliyepata hasara katika miradi yake. Mwaka 1887 alimwoa Abala Das, mwanamke msomi ambaye baadaye alijulikana kwa kupigania elimu ya wasichana, na wawili hao wakaivumilia dhiki hiyo pamoja.

Mwishowe wakuu wa chuo na wa idara ya elimu walikubali kwamba ubora wa mwalimu huyo haukuwa na shaka. Alithibitishwa kazini kwa mshahara kamili, na akalipwa malimbikizo yote ya miaka mitatu. Fedha hizo alizitumia kulipa madeni ya baba yake.

Vifaa vilivyotengenezwa na fundi bati

Mwanasayansi wa Ujerumani Heinrich Hertz alikuwa amethibitisha, kati ya mwaka 1887 na 1888, kwamba mawimbi ya umeme husafiri hewani kama mwanga. Habari hizo zilimvutia Bose, na alipotimiza umri wa miaka 36, mwaka 1894, aliamua kujitoa katika utafiti. Chuo hakikuwa na maabara ya kufanyia kazi hiyo. Alitumia chumba kidogo, fedha za mfukoni mwake, na msaada wa fundi bati wa mtaani aliyemwelekeza hatua kwa hatua namna ya kuunda vifaa.

Uamuzi wake wa kwanza ndio uliomtofautisha na wengine. Mawimbi aliyoyatumia Hertz yalikuwa marefu, na kuyachunguza kulihitaji vioo na miche mikubwa isiyoweza kutoshea katika chumba cha kawaida. Bose aliunda chombo kilichotoa mawimbi mafupi sana, yenye urefu wa kati ya milimita 5 na milimita 25. Kwa lugha ya leo hayo ni mawimbi ya maikrowevu na ya milimita, yenye masafa yanayofikia gigahezi 60. Kwa mawimbi mafupi kiasi hicho, vifaa vyote viliweza kupangwa juu ya meza, na tabia za mawimbi zikapimwa kwa usahihi kama zinavyopimwa za mwanga.

Mawimbi hayo aliyapitisha ndani ya bomba la metali. Katika upande wa kupokea aliweka mdomo uliopanuka mfano wa tarumbeta, ambao hii leo huitwa antena ya pembe. Umbo hilo lina faida inayoeleweka: wimbi linapovuka kutoka bomba jembamba kwenda hewani ghafla, sehemu yake hurudi nyuma, lakini mdomo unapopanuka polepole, wimbi hupita kwa urahisi zaidi. Vilevile, kadiri mdomo unavyokuwa mpana kuliko urefu wa wimbi, ndivyo mnururisho wake unavyokusanyika upande mmoja badala ya kutawanyika.

Aidha, alipima jinsi salfa na kioo vinavyoyapinda mawimbi hayo. Hata kitabu cha kawaida alikigeuza kuwa kifaa cha maabara. Alipachika karatasi za bati kati ya kurasa zake, kikawa kama geti la fito: wimbi linalotikisika upande mmoja hupita, na linalotikisika upande mwingine huzuiwa.

Katikati ya miaka ya 1890 aliionyesha kazi yake hadharani katika ukumbi wa mji wa Calcutta. Mawimbi yasiyoonekana yalipenya kuta, yakapiga kengele na kuwasha baruti iliyokuwa mbali na chombo. Januari 1897 alialikwa kutoa mhadhara katika Taasisi ya Kifalme mjini London, na vifaa alivyokwenda navyo viliwashangaza wanasayansi waliohudhuria kwa udogo na usahihi wake.

Jaribio la juti

Mwaka 1898 Jumuiya ya Kifalme ya London ilichapisha taarifa fupi ya Bose kuhusu jaribio ambalo wakati huo halikuvuta macho ya wengi. Alitaka kulielewa jambo lililojulikana kwa miongo mingi: mwanga unapopita katika maji ya sukari, mwelekeo wa mtikisiko wake huzunguka kidogo. Wanasayansi walihisi kwamba chanzo ni umbo la molekuli za sukari, lakini molekuli ni ndogo mno kuweza kuonekana kwa jicho.

Bose aliutazama mgogoro huo kwa upande wa pili. Ikiwa molekuli haionekani kwa sababu ni ndogo mno, basi na litumike wimbi kubwa zaidi, na molekuli ya bandia itengenezwe kwa mkono. Kwa kuwa alikuwa na mawimbi yenye urefu wa milimita kadhaa, alihitaji kitu cha ukubwa unaokaribiana na huo, chenye msokoto ndani yake. Bengali ilikuwa kitovu cha kilimo cha juti duniani, hivyo malighafi ilikuwa mlangoni pake.

Alitengeneza matita madogo ya nyuzi za juti. Mengine aliyasokota kuelekea kulia, mengine kushoto, na mengine akayaacha bila kuyasokota. Kisha alipanga mageti mawili ya mawimbi, la pili likiwa limegeuzwa ili kulizuia kabisa wimbi lililoruhusiwa na la kwanza. Palipokuwa na hewa tupu kati ya mageti hayo, kipokezi kilikaa kimya. Alipoweka kati yake juti iliyosokotwa, kipokezi kiliitika, ishara kwamba mwelekeo wa mtikisiko umezungushwa. Msokoto wa kulia ulizungusha upande mmoja, na wa kushoto upande wa pili. Alipochanganya matita ya aina zote mbili kwa idadi sawa, athari zilifutana.

Uzito wa jaribio hilo uko hapa: juti ilikuwa ile ile katika matita yote. Hakuna kemikali iliyoongezwa wala kuondolewa, na kilichobadilika ni umbo peke yake. Bose alikuwa ameonyesha kwamba tabia ya kitu mbele ya wimbi haitegemei tu kitu hicho kimeundwa kwa nini. Inategemea pia sehemu zake ndogo zimepangwaje.

Kutoka juti hadi antena za leo

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa metamateriali. Mhandisi huchora kwenye bamba vijipande vingi vya metali, kila kimoja kikiwa kidogo kuliko urefu wa wimbi. Kwa wimbi la gigahezi 10, lenye urefu wa takriban sentimita 3, vijipande hivyo huwa vya milimita chache. Kwa sababu ya udogo wao, wimbi haliwezi kukitambua kijipande kimoja kimoja. Huliona bamba zima kama kitu kimoja chenye tabia mpya. Kila kijipande huwa kama saketi ndogo inayolichelewesha wimbi kwa kiasi fulani, na kiasi hicho hubadilika kulingana na umbo na vipimo vyake.

Bamba la namna hiyo likiwekwa mbele ya antena, mhandisi huweza kuupa mnururisho sura anayoitaka. Vijipande vya katikati vikilichelewesha wimbi zaidi kuliko vya pembeni, mawimbi yaliyokuwa yakitawanyika hutoka yakiwa sambamba, na antena ndogo ikarusha mkondo mwembamba wenye nguvu. Ucheleweshaji ukiongezeka kutoka upande mmoja wa bamba kwenda mwingine, mkondo huinama bila antena kuguswa. Vijipande vyenye msokoto navyo huweza kubadili mtikisiko wa wimbi, huduma inayohitajika hasa katika mawasiliano ya setilaiti.

Njia kutoka kwenye juti hadi hapo ilipita mikononi mwa watu wengi. Mwanafizikia wa Finland, Karl Ferdinand Lindman, alitumia koili ndogo za waya wa shaba badala ya nyuzi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1920. Katika miaka ya 1940, Winston Kock wa Maabara za Bell nchini Marekani alibuni lenzi za vipande vya metali kwa ajili ya antena za maikrowevu, zilizokuwa nyepesi kuliko lenzi nzito za kitu kimoja. Mwaka 1967 Victor Veselago wa Urusi ya Kisovieti alieleza kinadharia kitu kinachopinda wimbi kinyume na desturi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa San Diego, Marekani, wakitumia mawazo ya Mwingereza John Pendry, walikiunda kitu hicho kwa ajili ya mawimbi ya maikrowevu.

Haki inataka isemwe kwamba Bose hakuwa akisanifu antena kwa juti yake; alikuwa akitafuta siri ya sukari. Lakini wataalamu wanaoandika historia ya metamateriali huanza mara kwa mara na jaribio lake.

Hataza na msimamo wake

Mwaka 1901, alipokuwa London, tajiri mmoja wa kampuni ya simu za upepo alimwendea akimwomba asiyafichue hadharani maelezo ya kipokezi chake, bali ayasajili ili wagawane faida. Bose alikataa. Aliona kwamba maarifa ni mali ya watu wote, na alimwandikia rafiki yake, mshairi Rabindranath Tagore, kumweleza jinsi uchu wa fedha aliokutana nao ulivyomsononesha.

Marafiki zake walimsihi, na ombi la hataza likawasilishwa Marekani mwaka huo huo kwa ajili ya kipokezi kilichotumia madini ya galena. Hataza hiyo ilitolewa Machi 1904, na inatajwa kuwa miongoni mwa hataza za kwanza duniani za kifaa cha nusukipitishi. Mwenyewe hakuifuatilia wala kudai malipo. Kipokezi kingine cha zebaki, alichokieleza kwa Jumuiya ya Kifalme mwaka 1899, kimekuwa kiini cha mjadala wa wanahistoria, baadhi yao wakisema kwamba ndicho chanzo cha kile alichotumia Guglielmo Marconi kupokea ishara kutoka ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki mwaka 1901.

Biashara ya mawasiliano ilichukua njia ya mawimbi marefu, yaliyoweza kufika mbali kwa vifaa vya wakati huo. Mawimbi mafupi ya Bose yaliwekwa kando kwa muda mrefu. Mabomba ya kuongozea mawimbi na antena za pembe vilibuniwa upya katika miaka ya 1930, na rada za Vita Kuu ya Pili ya Dunia zikavifanya kuwa vya lazima.

Taasisi na miaka ya mwisho

Baada ya mwaka 1900 Bose aligeukia uchunguzi wa mimea. Aliunda kifaa cha kukuza mara maelfu mengi mwendo mdogo wa ukuaji wa mmea, na akapima jinsi mimea inavyoitikia joto, mwanga na umeme. Baadhi ya hitimisho zake zilipingwa vikali na wanabiolojia wa Ulaya, na mengine bado hayakubaliki. Hata hivyo, vipimo vyake vya umeme katika mimea vilifungua mlango wa utafiti unaoendelea hadi leo.

Alistaafu Chuo cha Presidency mwaka 1915. Novemba 30, 1917, siku alipotimiza miaka 59, alifungua jijini Calcutta taasisi ya utafiti yenye jina lake, akiigharimia kwa akiba yake na michango ya wananchi. Aliweka msimamo kwamba ugunduzi utakaofanyika humo uwe mali ya umma, na kwamba taasisi isitafute hataza kwa faida yake. Mwaka huo alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1920 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London. Alifariki dunia Novemba 23, 1937 mjini Giridih, akiwa amebakiza wiki moja kutimiza miaka 79.

Taasisi hiyo ingali inafanya kazi jijini Kolkata. Baadhi ya vifaa alivyounda kwa msaada wa fundi bati vimehifadhiwa humo, na mwaka 2012 jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki iliyatambua rasmi majaribio yake ya miaka ya 1894 hadi 1896 kuwa hatua muhimu katika historia ya uhandisi. Utambuzi huo ulikuja miaka 75 baada ya kifo chake, wakati ambapo mawimbi ya milimita aliyoyapima mezani pake yalikuwa yanaandaliwa kwa ajili ya kizazi kipya cha simu za mkononi.